Do Imehama

Kinanda cha Isaka kilikuwa kinanata. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani muziki ni kitu safi. Vile vipande vyeupe vilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na ukibonyeza kimoja kinang'ang'ania kidole chako, maana Isaka alikuwa anakula chipsi mayai hapo hapo juu yake, anajifutia kwenye suruali, anaendelea kupiga. Chumba chenyewe, anamofundishia watu kinanda, kiko nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, Mwanjelwa, Mbeya. Soksi zake zilikuwa zimeanikwa juu ya spika. Nikasimama mlangoni, nikaziba pua kwa kanga.

"Mama Violet," nikasema, "mimi humu siingii. Ukizimia nitaita watu."

Tumpe akaingia.

Tumpe ni fundi cherehani. Tumepakana sokoni miaka mingi, mimi na magunia yangu ya mchele wa Usangu, yeye na cherehani yake ya miguu. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Mimi ni Msukuma ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe mpaka Usangu nikiwa mgongoni, kwa hiyo kutwa tunataniana. Yeye ananiita mchunga, mimi namwita mkungu wa ndizi. Mume alimfia mapema, akamlea binti yake Violet kwa kukanyaga hiyo cherehani, akamsomesha, na sasa Violet ni karani katika chuo kimoja huko Iringa. Huko huko akapata mchumba, Silvester, fundi umeme wa Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, kijana wa Kilutheri, mpole, ana masikio makubwa. Harusi ikapangwa Iringa, kanisani kwa kina bwana harusi.

Sasa, kwa nini mwanamke wa makamo, mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano, akajifunze kinanda? Sababu ni harusi ya mtoto wa dada yake. Tulikuwepo wote. Siku hizi bibi harusi haingizwi na watu wanaoimba, anaingizwa na simu ya DJ. Basi bibi harusi yule akawa katikati ya kanisa, mguu mmoja hewani kwa ile miondoko yao ya kunyata, wimbo ukakatika, spika zikapiga kelele: "Beti sasa! Ushinde sasa hivi!" Tangazo la kamari. Kanisani. Mchungaji kasimama na Biblia, bibi harusi kasimama na mguu wake, na DJ anacheka huku anapapasa simu. Tukarudi sokoni. Tumpe akasema, "Violet wangu haingizwi na tangazo. Nitampigia mwenyewe."

"Utampigia nini? Makofi?"

"Kinanda."

Nilicheka nikamwaga pishi ya mchele.

Utotoni Tukuyu, Tumpe alikuwa anafuta vumbi la kinanda cha kanisa, na alikatazwa kukibonyeza. Kinanda kilikuwa cha watoto wa mchungaji. Yeye aliimba sauti ya pili mpaka akaolewa, akazijua do re mi zake kama anavyojua vifungo. Kubonyeza ndiko hakujua.

Jioni ya kwanza alirudi kwangu macho yamemtoka. "Kulwa, nimeanza na kodi."

"Kodi tena! Huyo Isaka naye ni serikali?"

"Siyo kodi ya kulipa, mchunga wewe. Ndivyo wanavyosema wapiga vinanda. Noti tatu unazibonyeza pamoja. Do, unaruka moja, mi, unaruka moja, so. Hiyo ni kodi ya kwanza."

Kisha akanieleza kwa namna yake, na nakiri niliielewa kuliko mahubiri mengi. Kodi ya kwanza ni nyumbani. Kodi ya nne, inayoanzia fa, umetoka kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Kodi ya tano, inayoanzia so, umerudi, umesimama mlangoni na chumvi yako mkononi, na mtu asipokufungulia moyo unauma. Akifungua, uko nyumbani tena. "Nyimbo nyingi za kitabuni," akasema, "ni safari hiyo hiyo ya chumvi."

Isaka hakumfundisha hivyo. Isaka alimfundisha kuruka. Mkono wake unatoka kodi ya kwanza unarukia ya nne kama chura anayevuka barabara, unarukia ya tano, pwa, pwa, pwa, huku mashine inapiga ngoma yenyewe na gitaa la bandia linalia yenyewe. Tumpe ndiye aliyegundua kwamba kodi hizo ni majirani: ukitoka ya kwanza kwenda ya nne, do inabaki palepale, viwili tu vinasogea. Ukienda ya tano, so inabaki. Akamwambia Isaka. Isaka akatafuna chipsi yake akasema, "Mama, hizo ni mbwembwe. We ruka tu, watu hawasikii."

Watu hawasikii! Hilo neno linanichefua mpaka leo. Fundi nguo akisema watu hawaoni mshono, utampa kitambaa chako?

Siku moja Tumpe alikwenda na kitambaa na spiriti, akakisugua kile kinanda mpaka maji yakawa meusi. Isaka akacheka, "Mama Vio, unafua kinanda? Kitapauka!" Halafu akaweka soda yake juu, ile ile nafasi iliyosafishwa.

Kwake Tumpe hakuwa na kinanda. Alichora. Alichukua chaki ya fundi akachora vipande vyote kwenye meza yake ya kukatia nguo, vyeupe na vyeusi, na do akaitia nukta nyekundu kwa rangi ya kucha. Do ni hii, kushoto kwa vile vyeusi viwili vilivyokaa pamoja. Mteja akichelewa, vidole vinatembea mezani bila sauti. Kuna mama alikwenda kipaimara cha mwanawe na gauni lenye mistari ya chaki mgongoni, akidhani ni mtindo.

Kitu kimoja tu kilimtatiza. Kila mara kabla hawajaanza ule wimbo wa kumwingiza bibi harusi, Isaka alibonyeza kitufe kidogo pembeni, ti, ti, ti, ti. Tumpe akauliza ni cha nini.

"Hicho ni cha mitambo, mama. We kaa kwenye nyeupe zako. Nyeusi achana nazo, zitakuvunja vidole."

Akakaa kwenye nyeupe zake. Wimbo ukakaa vizuri. Hata mimi, niliyekuwa nasikiliza kutoka kwenye vipuri vya pikipiki, niliutambua.

Violet alipopata habari alipiga simu. Nilikuwepo, Tumpe aliweka sauti ya nje kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye pindo.

"Mama, nakupenda, lakini watanicheka. Huku kwao wote wanajua muziki. Hata wanaouza nyanya wanaimba sauti nne."

"Na mimi najua kodi nne. Hata ile ya huzuni."

"Mama!"

"Sitaipiga hiyo. Ni ya misiba."

Violet akaweka sharti, na sharti hilo ndilo lililotupeleka Iringa tumekaza meno: Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, mama yake apige mbele ya mwalimu wa kwaya wa kanisa lile. Mwalimu akikubali, sawa. Akikataa, DJ yupo, amelipwa, na fleshi yake iko mfukoni. "Na ukikubaliwa halafu ukakosea, mama, mimi ndiye nitakayeishi na hao wakwe. Maisha yangu yote watasema, yule aliyeingizwa na mama yake anayekosea."

Tulipofika Iringa ilikuwa mchana wenye upepo, ule wa kule juu unaokuingia kwenye sketi bila kuomba. Mwalimu wa kwaya aliitwa Benjamini, mzee mrefu mwenye koti la zamani. Akatusalimu Kihehe, "Kamwene," kwa sauti nzuri sana. Lakini masharubu yake! Alikuwa mnusa ugoro, na ugoro ulikuwa umemganda pale chini ya pua, kahawia, unamong'onyoka akiongea. Niliangalia dari.

"Kinanda kiko wapi?" Tumpe akauliza.

Benjamini akavuta shuka lililokifunika. Kinanda cha kukanyaga. Kile cha wamisionari, cha mbao, chenye pedali mbili chini na mivukuto ndani. Humo ndani panya walikuwa wamezaa, sijui mara ngapi. Alipokifungua, harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni.

"Cha umeme hamna?" nikauliza mimi.

"Kipo, cha vijana. Ndani ya ibada wazee wamekipiga marufuku. Mpigaji alibonyeza kitu wakati wa maombi, ikatoka dansi."

Tumpe hakujali panya. Akaketi, akaweka miguu kwenye pedali, na miguu ikajua kazi yake mara moja, maana kukanyaga ndiko kulikomlisha. Hewa ikajaa. Benjamini akashangaa kidogo. Kwaya ikasimama, watu kama ishirini hivi, wengine na mtandio wa baridi. Violet akasimama mlangoni, mikono kifuani. Nyuma yake DJ, miwani ya jua kichwani, anatafuna bazoka.

Tumpe akaitafuta do yake. Kushoto kwa vyeusi viwili. Akaweka kodi ya kwanza, akaanza.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Sauti ya kwanza walipanda, wakapanda tena, mishipa ikasimama shingoni, na ilipofika sehemu ya juu ya wimbo wakalia kama paka waliokanyagwa mikia. Mama mmoja akaacha kabisa, akajishika koo. Wanaume wa besi, ambao walitakiwa kuunguruma, walikuwa wanaimba kama wavulana. Mlangoni DJ akacheka hadi bazoka ikamtoka, na ninamshukuru Mungu ilianguka kwenye kiatu chake.

Benjamini akainua mkono. "Mama, umetupeleka wapi?"

"Nimepiga wimbo."

"Umepiga. Lakini do yako iko wapi?"

"Hii hapa."

"Hiyo ni C."

"C ndiyo do."

"Leo do ni G, mama. Wimbo huu unaimbwa G. Imeandikwa juu hapo, kitabuni."

Tumpe akamtazama kama mtu aliyeambiwa Jumapili imehamia Jumatano. "Do inahamaje? Do ni do."

"Inahama. Kila wimbo na do yake, kulingana na koo za watu."

"Huko Mbeya nilipiga kwenye hizi hizi nyeupe, na ikakaa sawa!"

"Mwalimu wako hakubonyeza kitufe?"

Nikamwona Tumpe anakumbuka. Ti, ti, ti, ti. Yule mla chipsi alikuwa anaihamisha do kwa siri, kila siku, chini ya vidole vya mwanamke wa watu, na mwanamke wa watu anadhani amejua. Ni kama fundi akufundishe kukata nguo, kumbe kila ukikata yeye anabadilisha kitambaa. Ningekuwa karibu naye siku ile ningemlisha zile soksi.

Tumpe alinigeukia, na najua alitaka kulia, kwa hiyo akatania. "Kulwa, hata do nayo ni Msukuma. Inahama na ng'ombe zake."

"Basi ifuate," nikamwambia. "Sisi tulifuatwa mpaka na bwana mifugo."

Violet akaja mbele. Hakumwangalia mama yake, alimwangalia Benjamini. "Mwalimu, tuseme ukweli. DJ yupo."

Benjamini akapangusa ugoro kwa kiganja, akajifutia kwenye koti. Basi tu. "Subiri, binti. Mama, weka kidole kwenye do ya leo. Hapa. Ruka moja, weka. Ruka moja, weka. Bonyeza."

Tumpe akabonyeza. Akatoa macho. "Lakini hii naijua! Hii ni kodi yangu ya tano."

"Leo ni ya kwanza."

"Na ya nne ya leo?"

"Panda mpaka fa. Hapo. Ruka, ruka."

"Hii ni ya kwanza yangu! Ni nyumbani kwangu!"

"Leo hapo ni kwa jirani."

Nikaona mabega yake yanashuka. Kati ya kodi tatu alizohitaji, mbili alikuwa nazo tayari mkononi, ila zimebadilishana nyumba. Ikabaki moja, ya tano mpya. Akahesabu: weka, ruka, weka, ruka, weka, zote nyeupe. Ikalia ya huzuni, ya msibani. Kwaya nzima ikakunja uso.

"Hapana," akasema Benjamini. "Cha katikati hicho ndicho ti yako, na ti haikai mbali na do, lazima iiguse bega. Isogeze kwenye kile cheusi cha kulia kwake."

Kile cheusi. Isaka alichosema kitamvunja vidole. Tumpe akakipanda kwa kidole cha kati, na kanisa likafunguka kama dirisha.

Alirudia mpaka kwaya wakachoka kusimama, wakaketi wakaimba wameketi. Mwishoni Benjamini akamwambia Violet, "Mimi nakubali. Lakini mama, nakuambia mbele ya mwanao: hicho cheusi ukikikosa, bibi harusi ataingia kama maiti."

Maneno gani hayo ya kumwambia mtu! Violet akavuta pumzi. Akasema, "Haya." Haya tupu, ile ya mtu anayekubali sindano.

Jumamosi kanisa lilijaa. Niliketi benchi la mbele upande wetu ili nione vidole. Bibi harusi alipokuwa anatembea sikumtazama hata kidogo. Mlango ukafunguliwa, Tumpe akakanyaga, kwaya ikaanza. Nyumbani, kwa jirani, nyumbani, mlangoni. Cheusi akakipata. Ubeti wa pili akakipata. DJ alikuwa kasimama kwenye nguzo, kebo mkononi, kama fisi anayesubiri ng'ombe mgonjwa. Ubeti wa tatu akakipata. Violet akafika mbele pamoja na mjomba wake, akasimama, mstari wa mwisho ukafika, cheusi kikapatikana kwa mara ya mwisho, na kilichobaki kilikuwa kufunga tu: kodi ya kwanza, nyumbani, basi.

Mkono wa Tumpe ukaenda nyumbani. Nyumbani kwa zamani. Kwenye nukta nyekundu ya mezani kwake.

Sauti haikuwa mbaya, hilo ndilo jambo la ajabu. Waimbaji wote, hata besi, waliishia do yao, na do hiyo imo ndani ya kodi aliyoibonyeza, kwa hiyo hakuna kilichogongana. Ila haikuisha. Ilining'inia. Wimbo ulikuwa kwa jirani, na watu wote wanajua si kwao. Nikaona shingo ya Violet inakakamaa chini ya shela. Nikaona DJ anachomeka kebo. Tumpe alikuwa amekodolea vidole vyake kama si vyake, miguu bado inakanyaga, kodi ile inazidi kulia, inalia.

Ndipo bibi mmoja wa nyuma, sijui ni nani, akafungua kinywa: "Aaaaa..."

Na benchi lake likafuata. Na kanisa zima. Kwa maana hao ni Walutheri, tangu utotoni wimbo ukiisha wanapigiwa kodi hiyo hiyo, ya kwa jirani, ndipo waimbe Amina. Hawakufikiri. Masikio yaliwafungua midomo. "Aaaaa..."

Tumpe akasikia wanaelekea wapi. Akahamisha mkono.

"...mina."

Nyumbani. Mchungaji akafumba macho akasema, "Bwana asifiwe," na DJ akachomoa kebo yake.

Nje, wakati wa picha, wakwe walimzunguka Tumpe. Mama mkwe alimshika mikono yote miwili akasema hajasikia mtu akiunganisha wimbo na Amina kwa utulivu namna ile, kwamba amewasubirisha mpaka machozi. Violet alikuwa amemkumbatia mama yake ubavuni. Nikasikia akimnong'oneza.

"Mama, pale mwisho ulikosea."

"Nilikosea."

"Wamesikia?"

"Hawajasikia."

"Basi usimwambie mtu. Hata mmoja." Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mpiga picha akakasirika.

Ingeishia hapo ningekuwa na moyo mweupe leo. Lakini Isaka alikuwa amekuja na Kosta ya watu wa Mbeya, na alisikia sifa. Ukumbini akasimama kati ya wazee wa kanisa, paja la kuku mkononi, mafuta yamefika kwenye saa.

"Ile Amina ya mwisho, ile ya kuwaning'iniza watu," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "nilimfundisha mimi. Ni mtindo wangu. Tulikesha nayo."

Wazee wakamgeukia Tumpe. "Kumbe! Ndiye mwalimu wako?"

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, kitufe, soksi, chipsi, yote. Violet, katika shela lake, akanitazama kutoka meza ya mbele. Hakutikisa hata kichwa. Alitazama tu, na nikaelewa: nikimvua Isaka nguo, lazima niseme Amina ile ilitoka wapi, na ikishajulikana ilitoka wapi, yule binti ataishi nayo kwa wakwe.

"Ndiye," Tumpe akajibu, akiangalia sahani yake. "Alinifundisha."

Isaka akampa mkono. Mkono ule ule wa kuku. Na Tumpe akaupokea.

Nikaketi. Nikala pilau lote lililokuwa mbele yangu bila kulisikia, kama dawa. Mwaka umepita, Violet ana mtoto, wakwe wanampenda kama wa kuzaa, na juzi mwenyewe alinipigia akasema, "Shangazi Kulwa, sasa andika, wameshanizoea." Nimeandika. Lakini huku Mwanjelwa Isaka ameshapata wanafunzi tele wa ile Amina yake, wanapanga foleni kwenye vipuri vya pikipiki, na kinanda, nimechungulia, kinanata kuliko zamani.